Mistari ya Majani ya Babu Castory

Habari hii nilisimuliwa na Asia, mama yake Nasra, siku ya pili ya Idi, tulipokuwa tukichagua mchele nyumbani kwake kule juu ya Bigwa, pale njia ya gari inapokoma na njia ya miguu kuanza. Mengine aliniongezea Eufrazia mwenyewe, maana siku hiyo naye alikuwepo, amekaa kwenye kigoda anamenya vitunguu saumu. Asia ni mtu wa kucheka, hata msibani wanamkanya. Lakini alipofika kwenye habari ya mlango wa jikoni alishusha sauti, akaweka ungo chini.

Basi Eufrazia alikuwa mtoto wa darasa la tano anayengojea kuingia la sita. Kila asubuhi alikoka moto, akabandika chai, akamwamsha mdogo wake Godfrey, akawafungulia mbuzi. Kisha alishuka mteremko kwenda shule, viatu vyake mkononi, akaja kuvivaa darajani baada ya kunawa miguu. Baba yake alikuwa kibarua Ngerengere na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mama yake, Veronika, alilima mboga bondeni karibu na kijito. Goti la Mama Veronika lilikuwa bovu tangu alipoteleza na kapu la kabichi. Bondeni alifika, lakini kupanda mlima hakuweza.

Na mlima ulikuwa hapo hapo, nyuma ya nyumba. Mbele ni nyumba ya kulala, nyuma yake jiko na zizi la mbuzi, na nyuma ya jiko mteremko unaanza, umesimama kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Mteremko huo ulikuwa shamba lao, wanaliita Mgongoni. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Mgongoni ilikuwa ya mzee Castory, mjomba wa Mama Veronika, ambaye watoto walimwita babu. Tangu babu Castory afariki, hakuna aliyepalima. Pakaota vichaka na majani mpaka mtu akisimama ndani haonekani.

Sasa, kigangoni kwao wana desturi. Siku ya Mwaka Mpya, misa ikiisha, watoto husimama mbele mmoja mmoja na kutamka nia ya mwaka. Katekista Stefano huwapanga mstari, watu wazima hupiga makofi, halafu pilau hupakuliwa. Siku hiyo hata watoto wa Kiislamu huja, hukaa nje chini ya madirisha, ili wasikilize wenzao na kula pilau. Nasra alikuwa hapo, kiwiko chake juu ya dirisha.

"Eufrazia!" alinong'ona. "Mwaka huu unasema uongo gani?"

"Niache."

"Mwaka jana ulisema utakuwa wa kwanza darasani. Ukawa wa kwanza kutoka mwisho. Mwaka juzi ukasema hutakula maembe mabichi. Uliacha siku ile uliyoumwa tumbo tu."

Watoto waliokuwa karibu wakacheka, mikono midomoni. Eufrazia akahisi masikio yanapata moto. Alikuwa amejiandaa kusema kitu kidogo, kwamba atasoma ukurasa mmoja kila siku kabla ya kulala. Lakini alipofika mbele na kuona macho yote yale, na Nasra dirishani akimkonyeza, ukurasa mmoja ulimpotea.

"Mimi naitwa Eufrazia," alisema kwa sauti kubwa. "Mwaka huu nitalima Mgongoni. Lote. Peke yangu. Kabla ya masika!"

Makofi yakalipuka. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Katekista Stefano akasema, "Mmesikia mtoto huyo!" Katika kanisa zima mtu mmoja tu hakupiga makofi, naye alikuwa mama yake. Mama Veronika aliitazama mikono ya binti yake, mikono myembamba iliyoning'inia pembeni ya gauni.

Walipokuwa wanarudi nyumbani, mama alitembea polepole kwa ajili ya goti. "Mwanangu, Mgongoni ni pakubwa. Kwa nini usiseme kipande kile cha chini?"

"Kipande cha chini nani angenipigia makofi, mama?"

Mama akaguna. Wakafika darajani. Hapo akasimama, akamshika bega. "Haya, umeshasema. Basi nisikilize vizuri. Unafyeka sehemu moja, unaichimbia kinga maji, ule mtaro wa kukata mteremko, udongo unautupa juu yake. Ukishaufunga huo ndipo unafyeka sehemu nyingine. Usiache udongo wazi. Na humo kwenye vichaka utakuta mistari ya majani ya tembo. Babu Castory aliyapanda kwa mkono wake, yashike mlima. Hayo usiyaguse. Umenisikia? Chini yake ndipo tunapolala."

"Nimesikia, mama."

Na kweli alisikia. Siku za mwanzo alifanya kama alivyoambiwa. Alifyeka sehemu ya chini, iliyo karibu na jiko, akachimba kinga maji yake, akalaza majani makavu juu ya tuta. Kazi ilikuwa nzuri. Mama alisimama uani, akaitazama, akasema, "Hapo umeniweza." Lakini ilikuwa imemla muda mrefu, na viganja vyake vilitoa malengelenge. Eufrazia alipoinua macho aliona Mgongoni bado inapanda, inapanda, majani yake yakiinama kwa upepo kama yanamcheka.

Shule zilikuwa zimefunguliwa. Nasra, ambaye kwao ni kwenye kilima cha jirani, ng'ambo ya korongo, aliliona shamba lote kila alipotoka nje kupiga mswaki.

"Umelima kitanda," alimwambia njiani. "Umebakiza chumba, sebule na uwanja wa mpira."

"Subiri."

"Nasubiri. Masika nayo inasubiri."

Tangu siku hiyo Eufrazia akabadilisha mpango, na hakumwambia mtu. Alijisemea: kuchimba mitaro kunachelewesha. Nitafyeka kwanza kote, nitakatua kote, watu waone nimelima. Mitaro nitachimba mwishoni. Januari ile jua lilikuwa kali na anga tupu, hata wingu la kufunika kikombe halikuwepo. Alifyeka jioni baada ya shule, alifyeka Jumamosi kutwa. Darasani alisinzia mpaka paji la uso likagonga dawati. Udongo mweusi ukazidi kufunguka, sehemu baada ya sehemu, na juu yake hakuna mtaro wala jani.

Mama yake hakuona. Kutoka uani, kwa jinsi mteremko ulivyosimama, jicho linaishia pale chini tu, kwenye ile sehemu nzuri ya kwanza.

"Makinga maji yanaendelea?" mama aliuliza jioni moja, akikanda goti lake kwa maji ya moto.

"Yanaendelea, mama."

Neno lilitoka jepesi kama mate.

Ikabaki mistari ya babu Castory. Majani ya tembo yalisimama marefu, ya kijani, yamekata shamba kutoka upande hadi upande. Eufrazia aliyakwepa, akalima kati yake. Siku iliyofuata Nasra alikuja amejishika mbavu kwa kicheko.

"Shoga, nimewaita nyumbani wote watoke waone. Shamba lenu limekuwa punda milia! Huko ndiko kulima lote? Mimi naona nusu nyeusi, nusu majani."

"Hayo hayalimwi. Ni ya babu."

"Ahaa. Kumbe nia yako ilikuwa 'lote isipokuwa ya babu'. Hukusema hivyo kanisani."

Nasra alikuwa anatania tu, na kabla hawajafika shule alishasahau. Eufrazia hakusahau. Jioni ile alipanda na jembe mpaka kwenye mstari wa kwanza. Alisimama muda, akatazama chini, akatazama juu. Kisha akalipiga shina la kwanza.

Mizizi haikutaka kutoka. Aliichimba, akaivuta kwa mikono miwili, ikatoka na sauti kama nguo kuukuu inayochanwa. Chini yake udongo ulikuwa na unyevu, wa baridi, ingawa mvua haikunyesha siku nyingi. Akahamia shina la pili, na la tatu. Siku ya mwisho, alipong'oa shina la mwisho kwenye mstari wa juu kabisa, jiwe moja lililokuwa limekumbatiwa na mizizi likalegea. Halikuwa kubwa, kama kichwa cha mbuzi hivi. Likajiviringisha taratibu, likaongeza mwendo, likaruka, likapotea machoni. Eufrazia alilisikia likidunda, likidunda tena, halafu pu! kwenye ukuta wa jiko.

"Nani huyo?" Godfrey aliita kutoka chini. "Nani anabisha hodi?"

Eufrazia aliegemea jembe. Jua lilikuwa linazama upande wa mjini. Mbele yake Mgongoni yote ilikuwa nyeusi, tupu, kama kichwa kilichonyolewa kwa msiba. Alikuwa amelima lote. Alingoja furaha ije. Haikuja.

Mvua ya kwanza ilinyesha Februari, kabla watu hawajaitarajia. Haikuwa kubwa, ilipita usiku tu. Asubuhi Eufrazia alipokwenda kukoka moto alikuta tope jekundu, la ule udongo wa ndani chini ya mweusi, limejaa nyuma ya jiko, limepanda ukutani mpaka usawa wa goti. Mtaro wake mzuri wa chini ulikuwa umejaa, hauonekani. Alichukua koleo, akakwangua tope lile haraka haraka, akalitupa korongoni kabla mama hajaamka. Alipotaka kuingia jikoni, mlango ulikwama. Akausukuma kwa bega ndipo ukafunguka.

"Mbao zimevimba kwa unyevu," mama alisema baadaye. "Baba yako akija ataupiga randa."

Lakini kila siku mlango ulizidi kukwama, hata siku za jua. Kijito bondeni kikaja na maji mekundu. Mbuzi, ambao siku zote walilala wameegemea ukuta wa nyuma wa zizi, sasa walijikusanya mlangoni, wamegeuza macho mlimani. Godfrey aliwatafsiria maneno yao. "Mbuzi wanasema hawataki chumba kile, mama. Wanataka kulala na sisi."

"Waambie kitanda kimejaa," mama akasema, akacheka. Eufrazia hakucheka.

Nasra naye siku hizo hakutania. Siku moja alimvuta Eufrazia pembeni wakati wa mapumziko. "Kule juu kwenu kuna mstari, mweusi kuliko udongo wenyewe. Jana haukuwepo. Twende tukauone."

Walipanda baada ya shule. Pale juu, ulipokuwa mstari wa mwisho wa majani ya babu, ardhi ilikuwa imepasuka. Ufa ulikwenda kutoka upande hadi upande, umejipinda kama tabasamu baya. Nasra alichuchumaa, akaingiza mkono. Ukazama mpaka kiwiko.

"Mwambie mama yako," alisema, bila kuinua kichwa.

"Atanichapa."

"Si akuchape tu?"

"Hujui. Nilimwambia makinga maji yapo. Kila siku ananiuliza, kila siku namwambia yapo."

Nasra alisimama akajifuta mkono kwenye sketi. "Mimi ndiye niliyesema punda milia. Nikamwambie mimi?"

"Hapana. Jumamosi nitauziba. Nitachimba mitaro yote Jumamosi. Usimwambie mtu, Nasra. Hata mama yako. Niapie."

Nasra hakuapa. Lakini hakusema pia, na Asia aliniambia kwamba hadi leo jambo hilo linamkera mtoto wake.

Jumamosi ilifika, na jua halikufika. Wingu lilikuwa limeketi juu ya mlima tangu alfajiri, zito, la rangi ya masizi. Ndege hawakulia. Eufrazia alipanda peke yake, akaujaza ufa ule udongo, akaukanyaga, kisha akaanza kuchimba mtaro. Alichimba kama mtu anayefukuzwa. Mchana ulipogeuka, ngurumo ikatoka upande wa juu, si kwa kishindo bali kwa kuguna, kama mtu mzima aliyeamshwa. Matone ya kwanza yakaanguka, makubwa, moja moja.

Aligeuka kuutazama ufa. Udongo alioujaza ulikuwa unashuka. Ulikuwa unazama taratibu mbele ya macho yake, kama unga unaopungua kwenye debe, ingawa hakuna mkono unaochota. Ufa ulikuwa unapanuka.

Eufrazia alitupa jembe, akakimbia.

Mama alikuwa barazani anafunga mafungu ya mchicha. Eufrazia alianguka mbele yake, magoti kwenye tope.

"Mama, nimekudanganya! Makinga maji hakuna. Nimeng'oa majani ya babu. Yote. Mlima umepasuka, mama, nimeuona unafunguka!"

Mama Veronika aliuachia mchicha uanguke. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo Eufrazia hajaisahau, si hasira, ni kama taa imezimwa ndani. Akainuka kwa mguu mzima.

"Godfrey yuko wapi?"

Godfrey alikuwa jikoni. Siku ya baridi alipenda kulala karibu na mafiga, kwenye gunia. Walizunguka nyumba wote wawili. Mvua ilikuwa imeshakaza. Mama alishika mlango wa jikoni akausukuma. Haukusogea. Akaupiga bega. Ukuta wa nyuma ulikuwa umesukumwa na tope, fremu imepinda, na mlango umebanwa kama jino.

"Godfrey! Godfrey, amka!"

"Mlango unagoma," sauti ndogo ikatoka ndani, ya usingizi bado. "Mama, kuna maji yanaingia ukutani."

Kutoka juu, mahali wasipoweza kuona, kokoto zilianza kushuka. Zilianza chache, kama mtu anayemwaga mbaazi kwenye sinia. Halafu nyingi.

"Dirisha," mama alisema. "Pita dirishani, Eufrazia. Mimi siwezi."

Lilikuwa dirisha dogo la kutolea moshi, juu kidogo ya kichwa. Mama aliinama, akamfanyia binti yake ngazi ya mgongo wake, na goti lile bovu likalia. Eufrazia akajipenyeza, bega likachunika, akaangukia ndani kwenye majivu. Ndani kulikuwa giza. Maji mekundu yalikuwa yanatiririka ukutani kama ukuta unatoka jasho. Alimpapasa Godfrey, akamnyanyua. Hakujua nguvu zile zilitoka wapi. Akamsukuma dirishani, kichwa kwanza, na mikono ya mama ikampokea kutoka upande wa pili.

"Sasa wewe! Wewe, Eufrazia!"

Alipanda juu ya kinu. Kinu kikayumba. Nyuma yake kitu kikapasuka ndani ya ukuta, pwa, na pumzi ya baridi ya udongo ikampiga mgongoni. Mkono ukamshika nywele, mwingine ukamshika kwapa, akavutwa nje kama mbuzi anayevutwa kisimani. Asia alikuwa amefika. Nasra alikuwa ameshindwa kunyamaza, wingu lilipoguruma alimwambia mama yake yote, na Asia alivuka korongo mbio, khanga kiunoni, Nasra nyuma yake.

"Kimbieni!" Asia alipiga kelele. "Mama Eufrazia, nishike bega. Nasra, mchukue mtoto!"

"Mbuzi," Godfrey alilia.

Nasra alikuwa ameshalifungua zizi. Mbuzi hawakungoja kuambiwa, walitoka kama risasi. Watu na mbuzi walivuka daraja la magogo la korongoni pamoja, mvua ikiwapiga usoni, na walipofika kwenye ukingo wa ng'ambo wakasikia.

Hapo ndipo Asia aliposhusha sauti. Anasema haikuwa kama ngurumo. Ilikuwa kama lori limemwaga mawe, halafu likaendelea kumwaga, likakataa kuacha. Waligeuka. Mgongoni ilikuwa inashuka. Ilishuka bila haraka, na jiko lilikuwa hapo, halafu halikuwepo. Zizi likafuata. Udongo ukafika kwenye nyumba ya kulala, ukaegemea ukuta wake wa nyuma, ukatulia.

Mvua tu ndiyo iliyoongea.

Baba alirudi kutoka Ngerengere siku iliyofuata. Alisimama muda mrefu mbele ya mahali palipokuwa na jiko, kofia mkononi. Eufrazia alimwendea, akamwamkia, akamweleza mwenyewe kila kitu tangu mwanzo, bila kuruka ile sehemu ya uongo. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. "Umesema siku ya mwisho kabisa," alisema. "Lakini umesema. Ungenyamaza saa moja zaidi, leo ningekuwa nachimba kaburi la Godfrey." Akavaa kofia yake, akaenda kutafuta koleo.

Walihamia kwa Asia kwa muda. Katekista Stefano aliwakusanya watu wa pande zote, wa kigango na wa msikitini, wakaja na majembe yao. Kwanza walichimba mtaro mkubwa juu kabisa ya shamba, maji yaelekee korongoni. Kisha wakashuka chini, hatua kwa hatua, kila kinga maji likifungwa kabla ya kugusa sehemu inayofuata. Asia alitoa mbegu ya majani ya tembo kwenye shamba lake. Majani yale nayo, alisema, mbegu yake alipewa na babu Castory zamani, kwa hiyo yanarudi nyumbani. Nasra na Eufrazia walipanda vipande vya majani kwenye matuta, wameinama bega kwa bega. Jiko jipya lilijengwa upande wa mbele, mbali na mteremko, na mlango wake ulifunguka kwa kidole.

Masika ilipoingia walikuwa wamesharudi nyumbani kwao. Usiku wa kwanza wa mvua kubwa hakuna aliyekula vizuri. Wote wanne walikaa sebuleni, baba akiwa ameomba ruhusa kazini, na wakasikiliza. Mvua ilipiga bati. Maji yakasikika yakipita juu, mbali, yakielekea korongoni kama yalivyoelekezwa. Walingoja kokoto. Kokoto hazikuja.

Mama Veronika alivuta kigoda karibu na binti yake.

"Eufrazia, sikukataza kuwa na nia," alisema. "Mtu asipokuwa na nia, mwaka unampita kama mgeni asiyekaribishwa. Lakini wewe nia yako uliipima kwa makofi ya watu. Ulipaswa kuipima kwa mikono yako hii. Ungesema kipande cha chini, ungekimaliza, mwaka kesho ungeongeza kingine. Ulichukua kikubwa, kikakushinda, ukaona aibu kusema kimekushinda. Aibu ile ndiyo iliyokuwa inaubana mlango wa jikoni. Siku nyingine ukiona kazi imekuzidi, niambie ingali ndogo. Sitacheka, na hata nikicheka, utapona."

"Nasra atacheka," Eufrazia alisema.

"Nasra acheke. Ndiye aliyemwita mama yake."

Baba alikuwa ameanza kukoroma kwenye kiti. Godfrey alikuwa amelala zamani, kichwa kwenye paja la mama, mkono mmoja umeshika kamba ya mbuzi mdogo aliyeingizwa ndani kwa siri ambayo kila mtu aliijua.

"Haya," mama alisema. "Kesho Jumamosi. Nia yako ni nini?"

Eufrazia alifikiri. "Kuna mapengo kwenye mstari wa juu, majani hayakushika. Nitayapanda upya, kutoka kwenye jiwe kubwa mpaka kwenye migomba."

"Ni parefu hapo."

"Basi kutoka kwenye jiwe mpaka katikati."

"Na tope hili?"

Eufrazia aliitazama mikono yake, akaifungua, akaifunga. "Mpaka pale kwenye kisiki," alisema.

"Kwenye kisiki nakubali," mama alisema, na akafumba macho hapo hapo alipokaa, mgongo ukutani, ukuta ule ule wa nyuma.

Eufrazia alibaki macho peke yake. Alipunguza utambi wa taa, akasimama, akaenda kuweka kiganja chake ukutani. Ulikuwa mkavu. Akasogea mpaka mlangoni, akauvuta kidogo, ukafunguka bila kukwama, akaurudisha. Nje maji yalikuwa yanapita njia yake. Akajilaza mkekani karibu na miguu ya mama, akahesabu kichwani mashina ya kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye kisiki, na kabla hajafika kwenye kisiki, usingizi ukamchukua.